Video za mafunzo kwa wazimamoto: orodha itoke kwenye makosa ya uwanjani

Swali la msomaji: Mimi ni mkufunzi wa zimamoto. Uongozi umenitaka niyahamishie mafunzo yetu kwenye video zitakazowekwa mtandaoni, kwa kuwa askari wetu wako kwenye zamu tofauti na vituo vilivyotawanyika, na baadhi yao ni wa kujitolea wasioweza kufika darasani kila wiki. Nina simu mbili nzuri, kamera moja ndogo na kijana mmoja anayejua kuhariri. Nimeagizwa niandae mtaala mzima, zikiwemo video za moto halisi. Nianzie wapi, video ziwe na urefu gani, na je, zinaweza kuchukua nafasi ya mazoezi ya uwanjani?

Jibu:

Ndugu Mkufunzi,

Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake ndilo linaloongoza mengine. Video haiwezi kuchukua nafasi ya uwanja wa mazoezi, na uongozi wako ukishikilia vinginevyo ni vyema ukaweka msimamo wako kwa maandishi mapema. Hakuna askari aliyezoea uzito wa mpira uliojaa maji, joto linalopenya glavu, au kupumua kwa utulivu ndani ya barakoa, kwa kutazama mtu mwingine akifanya. Hata hivyo, yapo mambo ambayo video huyafanya vizuri kuliko uwanja. Humwonyesha kila askari, kwa ukaribu ule ule, kitu ambacho uwanjani hukiona wawili watatu waliowahi kusimama mbele. Husimamisha tukio pale mkufunzi anapotaka swali liulizwe. Tena hurudiwa usiku wa manane na yule anayeona haya kuuliza mbele ya wenzake. Ukiyashika hayo, utaona kwamba uliloagizwa, yaani kuhamisha mtaala mzima, si kazi inayostahili kufanywa, na kwamba kazi inayostahili ni ndogo kuliko hiyo na ngumu kuliko hiyo.

Ushauri wangu ni kwamba usianze na mtaala kabisa. Keti na karatasi za tathmini za mazoezi, taarifa zilizoandikwa baada ya matukio, na hasa daftari la fundi anayehudumia vifaa, ambaye mara nyingi anajua kuliko mtu yeyote namna vifaa vinavyotumiwa vibaya lakini haulizwi. Humo utakuta makosa yanayojirudia: vali ya mtungi wa hewa iliyofunguliwa mzunguko mmoja tu, mpira uliojikunja nyuma ya mlango hadi maji yakapungua kwenye nozeli, taarifa ya redio isiyotaja ghorofa, mlango uliofunguliwa kabla mpira haujajazwa maji. Kila kosa la aina hiyo ni video moja. Orodha itakayopatikana kwa njia hii huwa fupi kuliko mtaala, na kila kipande ndani yake kina sababu ya kuwepo ambayo unaweza kumweleza kamanda wako kwa sentensi moja. Video yenye kichwa kama “Utangulizi wa vifaa vya kupumulia, sehemu ya kwanza” haina sababu ya namna hiyo, na ndiyo sababu askari huiacha ikicheza huku wakiendelea na mambo yao.

Baada ya kupata orodha, tenganisha yale yanayojifunzwa kwa jicho na yale yanayojifunzwa kwa mwili. Kusoma moshi, kutambua sehemu ndogo za kifaa, kukumbuka mfuatano wa hatua, na kuamua jambo kwa muda mfupi ni mambo ya jicho, na hapo video ina nguvu. Kubeba majeruhi kwenye ngazi, kusogea kwa magoti gizani na kufanya kazi na mwenzako bila kupoteana ni mambo ya mwili. Kwa haya ya pili tengeneza video ya dakika mbili tu, ya kutazamwa kabla ya zoezi, ili muda wa uwanjani usiishie kwenye maelezo.

Nikuonyeshe ninachomaanisha kwa mfano mmoja, yaani ukaguzi wa kifaa cha kupumulia kabla ya matumizi. Katika vifaa vingi vyenye mitungi ya bar 300 (bar ni kipimo cha shinikizo la hewa), askari hutazama kwanza kama mtungi umejaa, hufungua vali yote, husoma geji, kisha hufunga vali na kutazama mshale kwa dakika moja. Kwa vifaa vingi, ukishuka zaidi ya bar 10 ndani ya dakika hiyo, kifaa kinavuja na hakifai kuingia nacho. Halafu huachia hewa iliyobaki kwenye mirija polepole, huku akisikiliza filimbi ya tahadhari, ile inayomwonya kwamba hewa inakaribia kuisha, ambayo kwa vifaa vingi vya viwango vya Ulaya hulia mshale unapofika karibu na bar 55. Mwongozo wa mtengenezaji wa kifaa chenu ndio wenye neno la mwisho kuhusu tarakimu hizi, na video yenu lazima itaje aina ya kifaa inachokizungumzia.

Sasa tazama makosa yanapotokea. Askari wengi huachia hewa kwa kasi, mshale unaruka hadi sifuri kwa pumzi moja, na filimbi hulia kwa mkwaruzo mfupi ambao huwezi kusema umeanzia bar ngapi. Kwa hiyo kamera yako haina haja na uso wa mkufunzi wala na nembo ya kituo. Iweke juu ya bega la mtendaji, ukilenga kiganja kinachoziba njia ya kutokea hewa na geji pamoja ndani ya picha moja, ili mtazamaji aone jinsi kiganja kinavyoinuliwa kidogo tu na mshale ukishuka taratibu. Acha sauti halisi ya filimbi isikike bila muziki na bila maelezo juu yake. Mtazamo huu wa juu ya bega una ushahidi nyuma yake: mwaka 2017 mtafiti Logan Fiorella na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu waliotazama kazi ya kuunganisha vipande ikiwa imerekodiwa kama anavyoiona mtendaji mwenyewe waliifanya vizuri kuliko waliotazama ikiwa imerekodiwa kutoka upande wa pili wa meza. Mkufunzi anayesimama mbele ya kamera humpa mtazamaji mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia, na askari anayelazimika kugeuza picha kichwani amepunguziwa nafasi ya kufikiri juu ya jambo lenyewe.

Kisha kuna ile dakika moja ya kusubiri mshale. Kijana wako wa kuhariri atataka kuikata, kwa kuwa hakuna kinachotokea, na kwa sheria za kawaida za uhariri yuko sahihi. Usimruhusu. Ukiikata ukaweka maandishi “baada ya dakika moja”, askari atajifunza kwamba kipimo cha uvujaji ni kutupia jicho geji na kuendelea, na ndivyo watakavyofanya asubuhi wakati wa kupokea zamu. Iache dakika nzima, saa ikionekana pembeni, na uitumie kueleza nini kinachoweza kusababisha uvujaji na askari afanye nini akiukuta. Katika mafunzo ya zimamoto muda ni sehemu ya somo, na kila mahali unapoufupisha unapaswa kumwambia mtazamaji kwa uwazi kwamba umeufupisha.

Jambo hilo hilo linahusu hesabu ya hewa, ambayo ni somo zuri sana kwa video kwa sababu uwanjani hakuna utulivu wa kuifanya. Mtungi wa lita 6 uliojazwa hadi bar 300 una, kwa hesabu ya haraka, lita 1,800 za hewa. Ukitenga bar 50 za akiba, yaani lita 300, zinabaki 1,500. Kwa matumizi ya lita 40 kwa dakika, hiyo ni kama dakika 37. Lakini askari anayevuta mpira ngazini anaweza kutumia lita 80 kwa dakika, na hapo ana chini ya dakika 19, za kuingia na kutoka. Mwonyeshe mtazamaji geji, msimamishie video, mtake aandike jibu lake kwenye karatasi, halafu umwonyeshe askari yuko wapi ndani ya jengo dakika ile ilipofika. Hapo tarakimu inageuka umbali wa korido, na ndivyo inavyokaa kichwani.

Kuhusu urefu, utafiti unaotajwa zaidi ni ule wa Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin wa mwaka 2014, uliochambua vipindi milioni 6.9 vya kutazama video za masomo kwenye jukwaa la edX na kukuta kwamba umakini wa kawaida wa watazamaji haukuzidi dakika 6, hata video ikiwa ndefu kiasi gani. Wale walikuwa wanafunzi wa mtandaoni, si askari walio zamuni, lakini mazingira ya kituo yanaunga mkono upande ule ule: kengele inaweza kulia wakati wowote, na video ya dakika 40 iliyokatishwa mara tatu haimfikii mtu. Lenga dakika 3 hadi 6 kwa jambo moja. Ukilazimika kuvuka, gawa mahali ambapo kazi yenyewe ina kituo cha asili, kama vile baada ya kufunga mpira kwenye haidranti, yaani bomba la maji la zimamoto, na kabla ya kuita maji.

Je, uonyeshe makosa? Ndiyo, na bila woga. Derek Muller, katika utafiti wake wa shahada ya uzamivu uliokamilika Sydney mwaka 2008, alikuta kwamba wanafunzi wa fizikia waliotazama video zinazotaja dhana potofu na kuzijibu walifanya vizuri kwenye mtihani kuliko waliotazama maelezo safi, ingawa maelezo safi ndiyo yaliyoonekana mepesi. Maelezo safi humpitia mtu aliyeshikilia kosa bila kumgusa, kwa sababu anadhani anasikia analolijua. Lakini chukua tahadhari moja ya kiutendaji: mtu anaweza kufungua video katikati, au kupiga picha ya skrini na kuituma kwenye kikundi cha kituo, na kosa likasambaa kama maelekezo. Kwa hiyo kila sekunde ya kosa izungushiwe fremu nyekundu na neno “KOSA” libaki pembeni muda wote, na video isiishie kamwe kwenye kosa. Tendo la mwisho analoliona mtazamaji liwe sahihi.

Sasa tufike kwenye moto halisi, ambapo nina maneno mengi zaidi na makali kidogo. Mazoezi ya moto halisi yameua watu. Mnamo Januari 1982 wazimamoto wawili walikufa katika zoezi la moto ndani ya jengo huko Boulder, Colorado, na tukio hilo ni miongoni mwa yaliyosababisha shirika la NFPA la Marekani, linaloweka viwango vya usalama wa moto, kutoa kiwango namba 1403 mwaka 1986, ambacho kinahusu mazoezi ya moto halisi peke yake. Hata kama nchi yenu ina kanuni nyingine, kisome, kwa maana mantiki yake ni ya kila mahali: asitumike mtu hai kuigiza majeruhi ndani ya jengo linalochomwa, awepo afisa usalama mwenye mamlaka ya kusimamisha zoezi, mkufunzi mmoja asisimamie zaidi ya wanafunzi watano, washiriki watembezwe ndani ya jengo kabla ya kuwasha, na mipira ya akiba iwe tayari yenye maji.

Kamera ikiingia kwenye zoezi la namna hiyo huleta hatari yake yenyewe, kwa sababu huleta tamaa. Mtu anataka miali ionekane vizuri, anataka kurudia kipande ambacho mkono ulizuia, anataka mlango ubaki wazi kidogo zaidi. Weka sheria kabla ya siku ya kurekodi, na isainiwe: hakuna kuwasha tena kwa ajili ya kamera, hakuna kuongeza kuni kwa ajili ya kamera, na mrekodi hana sauti juu ya lolote linalotokea ndani. Ikiwezekana pasiwe na mrekodi ndani kabisa, bali kamera zilizofungwa mahali palipokubaliwa, na moja ya nje inayoonyesha jengo zima kuanzia kuwashwa hadi kuzimwa. Mrekodi akilazimika kuingia, anaingia kama mshiriki kamili, akiwa na mavazi yote, kifaa cha kupumulia, mwenza, na jina lake kwenye ubao wa udhibiti wa wanaoingia. Kubandika kamera kwenye helmeti nako kusifanywe kienyeji: gundi, skrubu au tundu la kutoboa linaweza kuondoa uthibitisho wa helmeti hiyo, na muulizeni mtengenezaji kwanza.

Kuna tatizo jingine la moto halisi ambalo wengi hawalioni hadi wamekwisha kuchapisha video. Kamera ya simu hujirekebisha mwangaza yenyewe. Mwali ukitokea kwenye fremu, simu hupunguza mwangaza, na moshi wa kijivu huonekana mweusi tii. Mwali ukijificha, simu hufungua mwangaza na moshi ule ule huonekana mwepesi. Mwanafunzi anayefundishwa kusoma rangi ya moshi amepewa uongo na kifaa. Funga mwangaza na rangi kabla ya kuwasha moto, kwa kugusa na kushikilia skrini au kwa programu inayokuruhusu kuweka viwango kwa mkono, na ukubali kwamba mwali utaonekana mweupe uliopasuka. Kwa somo la moshi hilo si hasara. Kamera ya joto ikipatikana, rekodi picha yake pamoja na ya kawaida na uziweke bega kwa bega kwenye skrini. Lakini wakumbushe watazamaji kwamba kamera hiyo haioni kupitia kioo wala maji, na kwamba uso unaong'aa huakisi joto la mahali pengine, vinginevyo wataiamini kupita kiasi.

Tena, moto wa mbao na majani makavu unaowashwa kwenye nyumba ya mazoezi haufanani na moto wa chumba chenye makochi ya povu na plastiki. Taasisi ya UL nchini Marekani ilichoma vyumba viwili vya sebule, kimoja chenye samani za kisasa na kingine chenye samani za zamani. Cha kisasa kilifikia flashova, yaani hatua ambayo karibu kila kitu chumbani kinashika moto kwa pamoja, ndani ya dakika zisizozidi 5, na cha zamani kilichukua karibu dakika 30. Ukirekodi moto wa nyumba ya mazoezi na kusema “hivi ndivyo moto wa nyumba unavyokua”, utakuwa umemzoesha askari kusubiri muda asio nao. Sema waziwazi ni kuni gani zinawaka na kwa nini moto huu ni wa polepole. Kwa ukuaji wa moto wa kisasa, ningekushauri usirekodi chako kabisa. Taasisi za utafiti kama hiyo ya UL, na NIST, taasisi ya serikali ya Marekani ya viwango na vipimo, ambayo mwaka 2012 ilishirikiana nayo na zimamoto ya New York kuchoma nyumba tupu katika kisiwa cha Governors Island, zimetoa rekodi zenye vipimo vya joto sambamba na picha. Omba ruhusa uzitumie, kisha uweke maelezo yenu ya Kiswahili juu yake. Ni bora kuliko chochote mtakachokipata kwa simu mbili, na hazihatarishi mtu.

Picha za matukio yaliyotokea kweli ni mali nyingine yenye thamani, na yenye mzigo. Moto wa uwanja wa mpira wa Bradford, Uingereza, tarehe 11 Mei 1985, ambao uliua watu 56, ulinaswa na kamera za televisheni zilizokuwa zikirekodi mchezo, na unaonyesha jukwaa zima likishika moto katika dakika zisizozidi 4. Moto wa klabu ya The Station huko Rhode Island mwaka 2003, uliochukua maisha ya watu 100, nao ulirekodiwa kutoka ndani na mpiga picha wa televisheni aliyekuwamo. Rekodi kama hizo zinafundisha kasi ya moto kuliko mchoro wowote. Lakini nyuma ya kila fremu kuna familia, na askari wenu wenyewe wanaweza kuwa wamebeba picha za namna hiyo kutoka kazini. Tumia sehemu inayofundisha tu, kata kabla ya mateso ya watu kuonekana, toa onyo mwanzoni, na kama ni tukio la kituo chenu, pata kibali cha uongozi na ufiche nyuso, namba za nyumba na sauti za redio zinazotaja majina. Tena simamisha video kabla matokeo hayajajulikana na uulize, “Kwa unachokiona sasa, ungetoa amri gani?” Ukiwaonyesha mwisho kwanza, kila mtu atakuwa kamanda hodari, na hakuna atakayekuwa amejifunza kuamua.

Upande wa ufundi nitaupita haraka, isipokuwa sauti. Mtazamaji husamehe picha yenye chenga lakini hasamehi maneno asiyoyasikia, na karibu na pampu inayofanya kazi maikrofoni ya simu haifai kitu. Rekodi kitendo kwanza pamoja na sauti yake ya asili, kisha rekodi maelezo baadaye katika chumba tulivu chenye mapazia au mablanketi. Maelezo yasomwe na mtu anayefanya kazi hiyo, kwa maneno yanayotumika kwenye redio zenu, si kwa majina ya kitabuni ambayo hakuna anayeyatamka. Weka maandishi ya chini kwenye kila video, kwa kuwa wengi watatazama bila sauti chumba cha mapumziko wenzao wakiwa wamelala, na baadhi ya wazimamoto wa muda mrefu wamepungukiwa usikivu kwa sababu ya ving'ora na pampu. Na pima ukubwa wa faili: video ya dakika 6 kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde ni kama megabaiti 45, ilhali kwa megabiti 4 ni 180. Kwa askari wa kujitolea anayelipia intaneti mwenyewe, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama ataitazama. Toa nakala ndogo inayoweza kupakuliwa, na hakikisha tarakimu za geji zinasomeka kwenye skrini ya simu ya kawaida kabla hujaichapisha.

Maswali yanayofuata video yasiwe ya kukumbuka maneno. Watafiti wa saikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba kujaribu kukumbuka jambo hulikaza akilini kuliko kulisoma tena, iwapo kipimo kinafanywa siku kadhaa baadaye. Kwa hiyo swali ni sehemu ya kujifunza, na faida yake huongezeka likirudi baada ya wiki moja, video ikiwa imefungwa. Mwonyeshe askari picha ya geji, ya mlango au ya moshi, na umtake aamue. Mfumo unaorekodi tu kwamba mtu alifungua video hadi mwisho usiuite rekodi ya mafunzo. Unaonyesha kwamba skrini ilikuwa inawaka.

Kinachofunga kazi yote ni karatasi moja inayoambatana na kila video, iliyoandikwa kwa ajili ya kiongozi wa zamu. Iseme zoezi gani la dakika 10 hadi 15 lifanyike baada ya kutazama, kwa vifaa vilivyopo kituoni, na ni vitu gani viwili au vitatu anavyopaswa kuviona kwa macho yake kabla ya kuweka sahihi. Kwa mfano wetu: vali imefunguliwa yote, dakika nzima imesubiriwa, filimbi imesikika na bar imetajwa kwa sauti. Sahihi hiyo ndiyo inayokwenda kwenye kumbukumbu za umahiri wa askari. Ukiwa na karatasi hiyo, utakuwa na jibu kwa uongozi unaotaka video zichukue nafasi ya uwanja: uwanja umebaki, ila umesogezwa karibu na kila zamu.

Kila video iwe na tarehe ya kutengenezwa, aina ya kifaa, jina la wadhifa ulioidhinisha, na tarehe ya kupitiwa upya, vyote vikionekana ndani ya picha na si kwenye maelezo ya ukurasa peke yake, maana faili husafiri bila ukurasa wake. Kifaa kikibadilishwa, video yake iondolewe siku hiyo hiyo, hata kama mpya haijawa tayari. Kuhusu kuziweka wazi kwa umma au kuzifungia ndani, mimi hupendelea kufungua zile za vifaa na usalama wa askari, na kufungia zile zinazoonyesha mipangilio ya majengo mahususi, njia za kuvunja milango na mifumo ya kufuli.

Kwa kuanzia, tengeneza hiyo moja ya ukaguzi wa kifaa cha kupumulia, maana haihitaji moto, jengo wala kibali kigumu. Ipeleke kwenye zamu ambayo haikushiriki kuitengeneza, kaa pembeni bila kusema kitu, na utazame mikono yao wanapokagua vifaa baada ya kuitazama. Mahali watakaposita au kukosea panaonyesha sekunde ya video inayohitaji kurekodiwa upya. Irekebishe hiyo kabla ya kugusa ya pili.